Msindikizaji wa biashara: namna kocha anavyotusaidia kujenga uaminifu na watu wa kazi

Katika parokia zetu za Mashariki, semina ya biashara si jambo geni tena. Mashirika yamekuja, wamama na vijana wamefundishwa kuandika mapato na matumizi, kutenganisha pesa ya nyumba na pesa ya duka, kuhesabu faida kabla ya kuila. Wengi wana cheti kilichotundikwa ukutani. Na hata hivyo, tunapowatembelea sokoni tunasikia maneno yaleyale. "Pasta, wateja wangu ni wale wale watatu." "Mwenye depo hataki tena kunipa mzigo kwa deni." "Ndugu wa kanisa alichukua bidhaa zangu, sasa siku ya Mungu anaketi upande ule mwingine ili tusikutane mlangoni."

Ukiyachunguza maneno hayo utaona kwamba hakuna hata moja linalohusu hesabu. Yote yanahusu watu: namna ya kumkaribia mtu usiyemjua, namna ya kudai bila kutukana, namna ya kutunza jina lako kwa yule anayekuuzia. Haya hayafundishwi vizuri mbele ya ubao, watu 60 wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Ndiyo maana tunataka kueleza aina nyingine ya msaada ambayo waamini wetu wameanza kuisikia, lakini wengi hawajui inafanya kazi namna gani: kocha wa biashara.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Siku hizi mjini kila mwenye suti na kipaza sauti anajiita kocha. Anakodi ukumbi, anauza tiketi, anapiga kelele kwa saa mbili kwamba wewe ni simba, watu wanarudi nyumbani wakiwa na furaha na mfuko mwepesi. Hatuzungumzii huyo. Kocha tunayemzungumzia anaketi na mtu mmoja, au wachache, kwa miezi kadhaa. Anasikiliza kuliko anavyosema. Anauliza maswali, anamsaidia mtu achague tendo moja la kufanya, kisha baada ya wiki mbili anarudi kuuliza: ulilifanya? Ilikuwaje? Kwa Kiswahili chetu tungemwita msindikizaji. Ukimsindikiza mgeni unamtoa hadi njia panda, halafu anaendelea kwa miguu yake mwenyewe.

Wasomaji wa Biblia wanamfahamu mtu wa namna hiyo. Katika Kutoka 18, Yetro anafika kumtembelea mkwewe Musa. Siku ya kwanza hatoi shauri lolote. Kesho yake anaketi na kutazama: watu wamesimama mbele ya Musa tangu asubuhi hadi jioni. Ndipo anauliza kwa nini anafanya hivyo peke yake. Baada ya kusikia jibu anasema analoliona, na Musa mwenyewe ndiye anayekwenda kuchagua wasaidizi. Mwisho wa sura, Yetro anarudi kwao. Hakujifanya kiongozi wa Israeli, wala hakukaa kudai sehemu yake. Na tuone pia kwamba shida aliyoigusa ilikuwa shida ya mahusiano ya kazi: mtu mmoja aliyekuwa hajajenga watu wa kumwamini na kazi.

Karatasi yenye majina

Huku kwetu neno "kuwa na watu" limechafuka. Ukisema fulani ana watu, msikilizaji anaelewa kwamba ana mjomba ofisini, atapitishwa mlango wa nyuma. Kocha mzuri hashughuliki na hilo. Anaanza na karatasi tupu na kalamu.

Katikati unaandika jina lako. Kisha unaandika majina ya watu wote wanaogusa kazi yako: anayekuuzia, anayenunua kwako, anayebeba mzigo, anayekudai, unayemdai, jirani wa meza, mtu mmoja au wawili ambao wamekutangulia katika kazi hii. Mstari mnene kwa yule mnayeaminiana, mstari mwembamba kwa yule mnayesalimiana tu, nukta nukta kwa yule mliyekosana. Zoezi hili linachukua saa nzima, na mara nyingi mtu ananyamaza katikati yake. Anaona kwamba bidhaa zake zote zinatoka kwa mtu mmoja. Au anaona kwamba mistari yenye nukta ni mingi kuliko minene. Au anaona kwamba majina yote ni ya watu wa kanisa lake, ukoo wake na lugha ya kijiji chake.

Hili la mwisho tulitaje bila kuzunguka. Katika majimbo yetu, miaka ya vita imetufundisha kuogopana, na hofu hiyo imeingia hata sokoni. Mtu ananunua unga kwa bei ya juu kwa sababu muuzaji ni wa kwao, na anapita mbele ya depo yenye bei nzuri bila kugeuza shingo. Kocha hamlaumu. Anauliza tu: depo hii ikifungwa kesho, utapita wapi? Kisha wanatafuta hatua ndogo. Asiende kwa yule mgeni kuomba deni. Aende anunue katoni moja kwa pesa taslimu, aseme jina lake na mahali anapouzia, arudi siku ileile ya wiki inayofuata, anunue tena. Baada ya mara tano au sita, mwenye depo ndiye atakayeuliza: mama, leo umekawia, kuna nini? Uaminifu kati ya watu wasiojuana huanza hivyo, kwa mambo madogo yanayorudiwa kwa wakati wake, na kocha yupo ili mtu asikate tamaa baada ya mara ya pili.

Simu kabla ya Ijumaa

Ikiwa tungeruhusiwa kuchagua jambo moja tu ambalo kocha anaweza kumfundisha mfanyabiashara mdogo wa Kivu au Ituri, tungechagua simu ya deni.

Wote tunajua desturi ilivyo. Siku ya kulipa inakaribia, pesa haijatimia, mtu anazima simu. Anabadilisha njia ya kwenda sokoni. Anamtuma mtoto aseme mama hayupo. Mwenye depo, ambaye huenda angekubali kungoja, sasa amekasirika, kwa sababu ukimya amehesabu kuwa ni wizi. Mara nyingi kinachovunja uhusiano si kukawia kwa pesa. Ni kule kujificha.

Kocha analeta jambo hili mezani na wanalifanyia mazoezi, kama kwaya inavyofanya mazoezi kabla ya ibada. Yeye anakuwa mwenye depo, mama anakuwa yeye mwenyewe. Mama anaanza: mtoto aliugua, mume alisafiri, mvua ilinyesha. Kocha anamsimamisha na kumwuliza: mwenye depo anahitaji kujua nini ili apange siku yake? Mama anafikiri. Anajaribu tena, na safari ya tatu au ya nne maneno yanakuwa hivi:

"Papa, habari ya asubuhi. Ni Mama wa sabuni wa Kadutu. Deni yangu kwako ni dola 120, na siku yetu ni Ijumaa. Ijumaa nitakuwa na 80. Zile 40 nitaleta Jumatano inayofuata. Nimekupigia leo ili nawe ujipange."

Hakuna hadithi ndefu, hakuna machozi, hakuna "Mungu akipenda" ya kukwepea. Kuna kiasi, siku, na heshima kwa mtu ambaye naye ana madeni yake kwa mtu wa Kampala au wa Dubai. Kisha kocha anacheza mwenye depo mkali: anapumua kwa nguvu, anasema "ninyi wamama ni hivyo kila siku". Mama anajifunza kutojibu hasira kwa hasira, wala kujidhalilisha. Anarudia tarehe yake na kushukuru. Jumatatu anapiga simu ya kweli. Na Jumatano ile, hata kama itambidi kukopa kwa MUSO, anapeleka zile 40, kwa sababu ahadi ya pili ikivunjwa, ile simu yote imekuwa bure.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, jambo hili limekuwa zito zaidi. Wafanyabiashara wengi wamebaki na noti zilizochakaa, pesa ya simu na neno la mtu. Mwenye depo hana karatasi ya benki ya kuangalia. Anaangalia namna ulivyofanya mwezi uliopita. Tuseme pia kwa uwazi kwamba kocha hawezi kufungua barabara, wala kuondoa vizuizi na kodi zisizo na risiti. Anayekuahidi hayo anakudanganya. Anachoweza ni kukusaidia ili, barabara inapofungwa kwa wote, watu waliokuuzia na walionunua kwako wasikufungie milango yao.

Ndugu na mnunuzi

Kuna uhusiano mmoja unaotusumbua sisi watumishi kuliko mingine, nao ni deni kati ya waamini. Muuzaji anaogopa kumdai shemasi. Shemasi anahesabu kwamba ndugu atamvumilia. Miezi inapita, hakuna anayesema, na siku ya Meza ya Bwana mmoja wao hakuja. Tunaitwa kupatanisha watu ambao hawakupigana, walinyamaziana tu.

Kocha anasaidia hapa kabla mambo hayajafika kwa wazee wa kanisa. Anamfundisha muuzaji kuweka sharti moja kwa wote na kulisema mwanzoni, wakati bado wanacheka: "Mzee wangu, kwa meza hii deni ni wiki mbili, na ninaandika kwenye kitabu, hata kwa mama yangu." Anamfundisha pia kukataa bila kufunga mlango: "Sukari yote siwezi kukupa kwa deni, lakini chukua kilo hizi mbili, lipa, na Jumamosi rudi tuzungumze." Wengine watasema haya ni kukosa upendo. Sisi tunaona kinyume. Kumwachia ndugu deni lisilo na tarehe ni kumtegea mtego, na wewe pia unajitegea. Paulo alipokaa Korintho kwa Akila na Prisila, kama Matendo 18 inavyosimulia, walikuwa wanashona mahema pamoja. Watu hao watatu waliendelea kushirikiana kwa miaka mingi. Salamu zao tunazikuta katika nyaraka. Hatuwezi kudhani kwamba kazi yao ya mahema haikuwa na mapatano.

Ushuhuda wa wachunguzi

Msomaji anaweza kuuliza: je, mazungumzo haya yanaongeza kitu mfukoni? Katika Dandora, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Nairobi, wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya jaribio ambalo walilichapisha mwaka 2018. Wanawake vijana wenye biashara ndogo waligawanywa. Wengine waliingia darasani kusoma mambo ya biashara. Wengine waliunganishwa, kila mmoja na mwanamke mwenye uzoefu aliyefanya biashara mtaani humo humo. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mwenzi mwenye uzoefu, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20.

Sababu ndiyo inayotufundisha. Haikuwa siri kubwa ya biashara. Walipata habari za mahali pale pale, zaidi sana habari za wauzaji wa jumla wenye bei nafuu, wakahamia kwao. Kwa maneno mengine, msaada ulipitia kwenye uhusiano mmoja na kuzaa uhusiano mwingine. Lakini faida hiyo ilipungua kadiri wale wawili walivyoacha kuonana. Hili tulikumbuke tunapopanga mradi wa mwezi mmoja na kupiga picha ya kufunga. (Kwa usahihi, wale wanawake walikuwa walezi wa biashara, watu waliofanya kazi ileile, ambapo kocha anaweza kuwa hajauza hata kiberiti. Katika parokia zetu tunadhani mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote mbili, mradi ajue lini anauliza na lini anaeleza.)

Mfano wa pili unatoka mbali, Nanchang nchini China. Jing Cai na Adam Szeidl walichukua kampuni changa 2,820. Baadhi yao ziliwekwa katika vikundi vidogo, na viongozi wao wakakutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Nyingine hazikuwa na mikutano. Waliokutana, mauzo yao yaliongezeka kwa asilimia 8 hivi kuliko wengine. Walipeana habari na kuunganishana na watu wa kufanya nao biashara. Na walipeana habari nyeti zaidi pale ambapo hawakuwa washindani. Hivyo, parokia inayotaka kuunda kikundi isiweke wauza unga sita pamoja na kutegemea wafunuliane bei zao. Iweke muuza unga, fundi cherehani, mwenye duka la dawa, mwalimu mwenye shule ndogo, dereva wa lori.

Wala tusifikiri hili ni jambo la kutoka nje tu. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa safari za pamoja hadi Dubai na Guangzhou, watu kadhaa wakijaza kontena moja kwa sababu hakuna aliyeweza kuijaza peke yake. Kijana aliingia katika safari hizo akiwa nyuma ya mkubwa aliyemtambulisha kwa wauzaji. Kutambulishwa ni mlango. Lakini mkubwa hawezi kumtambulisha mtu ambaye hajui kutunza neno lake, maana ni jina lake mwenyewe analoweka rehani.

Barnaba alifanya hivyo. Matendo 9 inaonyesha wanafunzi wa Yerusalemu wakimwogopa Sauli, na Barnaba akamchukua, akasimama naye mbele ya mitume. Baadaye, katika sura ya 11, anakwenda Tarso kumtafuta kwa ajili ya kazi ya Antiokia. Mbele kidogo tunaona Paulo ndiye anayetajwa kwanza. Barnaba hakulalamika kwamba mwanafunzi amemzidi. Kocha asiyeweza kulifurahia jambo hilo atafute kazi nyingine.

Tukianza katika parokia

Parokia haihitaji mradi wa dola maelfu ili kuanza. Inahitaji watu watatu au wanne ambao kazi yao inajulikana sokoni, hata na wasio waamini wenzetu, kwamba wanalipa na wanasema kweli. Wawe wanaume na wanawake. Mama mjane wa miaka 30 hataeleza madeni yake yote kwa mzee mwanamume, na si lazima aeleze. Watu hao wafundishwe mambo machache: kuuliza swali na kungoja jibu, kutotoa shauri kabla ya kutazama, kuandika tendo moja lililokubaliwa.

Masharti matatu hatutakubali yalegezwe. Kocha asimkopeshe yule anayemsindikiza, wala asimwuzie bidhaa, maana siku deni litakapoingia kati yao, maswali yatakufa. Yanayosemwa juu ya karatasi ya majina yasitoke hapo. Yasigeuke ombi la maombi la Jumatano lenye jina la mtu. Na mchungaji asiwe kocha wa waamini wake mwenyewe ikiwa kuna mwingine anayeweza. Mtu anayekuja kuungama dhambi asiwe na wasiwasi kwamba unakumbuka pia deni lake la sabuni, na mtu anayetaka kusema "pasta, wazo lako halikufaa" awe na uhuru wa kulisema.

Kuhusu malipo, kama kocha ni mtu wa parokia, nauli na chai vinatosha mwanzoni, na kikundi cha MUSO au cha AVEC kinaweza kuvibeba. Kama ni mtaalamu wa mjini anayeomba pesa, mwulizeni kwanza amesindikiza nani, na mwombeni ruhusa ya kuzungumza na watu wawili kati ya hao. Akikataa, mshukuruni mwende zenu.

Mkutano wa kwanza usifanyike katika ofisi ya kanisa. Ufanyike sokoni, kocha akiwa ameketi kwenye kiti kidogo pembeni ya meza ya bidhaa, kimya, kama Yetro. Aone mteja anavyopokelewa, simu inavyojibiwa, jirani wa meza anavyosalimiwa. Saa nzuri ni baada ya saa saba mchana, wateja wanapopungua na muuzaji ana nafasi ya kusema. Karatasi na kalamu zije siku ya pili.